Machimbo Yaliyogeuka Shule

Msomaji wangu, huenda umewahi kusimama ukingoni mwa shimo kubwa lililochimbwa mawe ya kujengea, kisha likaachwa. Wachimbaji wamekwenda zao, mvua imenyesha, na maji yametuama humo, kimya kama kioo. Wazazi huwakataza watoto wao wasiogelee humo, na makatazo hayo ni ya haki, kwani mashimo ya namna hiyo yamekwisha kuua watoto wengi. Kingo zake zimesimama wima, kina chake ni cha ghafula, na maji ya chini ni baridi. Walakini liko shimo moja lililogeuka shule, nami nataka nikusimulie habari zake, upate kujua ni kitu gani kilichohitajiwa kwanza.

Shimo hilo laitwa Stoney Cove, nalo liko katika jimbo la Leicestershire, nchini Uingereza, mbali na pwani. Katika karne ya 19 watu walipasua humo mawe magumu ya matale. Chemchemi zilitoa maji miambani siku zote, hata wachimbaji hawakuwa na budi kuyavuta kwa mashine wapate kufanya kazi. Mwaka 1958 kazi ilikoma, na maji yakaachwa yapande mpaka yakalijaza shimo.

Katika miaka hiyo hiyo chombo kipya cha kupumulia majini kilikuwa kinaenea duniani. Hapo zamani mpiga mbizi alivaa kofia nzito ya shaba, akaletewa hewa kutoka juu kwa mpira mrefu. Vazi la namna hiyo lilitengenezwa na Augustus Siebe katika miaka ya 1830. Mtu huyo alikuwa kama mbuzi aliyefungwa kamba, asiyeweza kupita urefu wake. Kisha, mwaka 1942, Ufaransa ilipokuwa mikononi mwa Wajerumani, walikutana Jacques Cousteau, ofisa wa jeshi la wanamaji, na mhandisi Émile Gagnan. Petroli ilikuwa adimu, na Gagnan alikuwa ametengeneza vali ya kuziwezesha motokaa kwenda kwa gesi. Waliibadili vali hiyo ili impe mtu hewa ya mtungini kila avutapo pumzi, wala si zaidi ya haja yake. Walipoijaribu katika mto Marne, ilikwenda vyema Cousteau alipolala sawasawa, ikakorofika alipobadili mkao. Waliitengeneza tena, na kabla ya mwaka 1943 kwisha ilikuwa imefaulu katika bahari ya Mediterania.

Basi kamba ikakatika. Lakini usidhani ya kwamba sheria za maji zilikatika pamoja nayo! Kwenye kina cha mita 10, mkandamizo ni mara mbili ya ule wa juu ya maji. Mtu akivuta pumzi ya mtungini huko chini, kisha akaizuia na kupanda, hewa ile hutanuka hata yaweza kumpasua mapafu. Tena, mtu akikaa chini sana kwa muda mrefu, naitrojeni ya hewani huyeyuka katika damu yake. Akipanda kwa haraka, hutoka kama mapovu ya soda chupa ifunguliwapo, ikamtesa viungo, ikamlemaza au kumwua. John Scott Haldane na wenzake walilichunguza jambo hili kwa kutumia mbuzi, na mwaka 1908 wakatoa majedwali ya kuwafundisha wapiga mbizi kupanda kwa vituo.

Kwa hiyo mtu huyu aliyefunguliwa kamba alihitaji mafunzo zaidi, wala si pungufu. Baharini kuna mawimbi na mikondo. Stoney Cove hakuna. Tena wachimbaji walikuwa wameyakata mawe kwa madaraja, kama ngazi: moja liko karibu mita 6 chini ya maji, la pili karibu mita 20, na sakafu yenyewe karibu mita 35. Mwanafunzi huanza daraja la juu. Hujifunza kuondoa maji yaliyoingia katika miwani yake na kumgawia mwenzake hewa, ndipo aruhusiwe kushuka. Mafuta yalipoanza kutafutwa katika Bahari ya Kaskazini, katika miaka ya 1960 na 1970, wapiga mbizi wa kazi hiyo walifunzwa humo. Hata hivyo, pamoja na walimu na vyombo, wako waliofia humo.

Msomaji, maji ya Stoney Cove si mapole kuliko ya shimo lililo karibu na kwenu. Yaliyoongezwa ni maarifa, mengine yaliyonunuliwa kwa maisha ya watu, na mwalimu wa kuyafundisha. Pasipo hayo, shimo ni shimo tu. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Nasi twaweza kuongeza kwamba aliye na busara hatangulii kuyafika peke yake.