Shubiri Mbili na Nusu za Mchanga

Matembezi ya kuongozwa katikati ya mji wa Cusco, nchini Peru, huanzia uwanjani. Kila asubuhi waongozaji husimama hapo na miavuli yao ya rangi wakikusanya makundi, na wageni huja wakijikokota na kuhema, maana mji uko karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari na mapafu yaliyozoea pwani hayatoshi hata kwa ngazi za nyumba ya wageni. Mimi nilikuwa nimekunywa vikombe viwili vya chai ya majani ya koka. Kichwa kiligonga vilevile.

Kundi letu liliambiwa litazame juu: minara ya kanisa kuu, roshani za mbao, vilima vilivyouzunguka mji. Mimi nilitazama chini. Pale tuliposimama, penye mawe ya kukanyagia, bustani na mabenchi ya wazee, wakati wa Wainka palimwagwa mchanga wa bahari.

Habari hiyo tunaipata kwa mtu aliyeuondoa. Juan Polo de Ondegardo alikuwa mwanasheria wa Kihispania, na mwishoni mwa miaka ya 1550 aliushika mji huu kwa niaba ya mfalme, cheo ambacho kwetu tungekiita uliwali. Katika taarifa aliyoiandika mwaka 1571 anaeleza kwamba uwanja wote ulifunikwa mchanga ulioletwa kutoka pwani, kina chake shubiri mbili na nusu, na mahali pengine zaidi. Udongo wa awali ulichimbwa ukapelekwa kwingine, kama kitu cha heshima.

Hebu tulikalie jambo hili kidogo. Wainka hawakuwa na mkokoteni, farasi wala punda. Walikuwa na lama, mnyama anayebeba kilo 25 hadi 30 na ambaye, ukimzidishia, hulala chini na kukutazama tu. Mizigo mingine yote ilibebwa migongoni mwa watu. Kutoka Pasifiki hadi Cusco ni lazima uivuke milima ya Andes kwa mapito yaliyo juu kuliko mji wenyewe. Nilijaribu kupiga hesabu ya mizigo iliyohitajika kuujaza uwanja huo hadi magotini, nikaiacha.

Waliubeba kwa sababu ya ibada. Bahari kwao ilikuwa Mamacocha, mama wa maji yote, na Polo anasema uwanja uliwekwa wakfu kwa Muumba, Tiqsi Wiraqocha. Hata kombe jekundu la spondylus, linalopatikana katika bahari yenye joto huko kaskazini, lilithaminiwa sana Cusco kwa matambiko ya kuomba mvua. Watu wa mlimani walijua vizuri kwamba maji yao yanatoka mbali.

Polo akaamuru mchanga uzolewe. Sababu zilikuwa mbili, naye hakuficha hata moja: kanisa kuu lilikuwa linajengwa na mchanga mzuri ulikuwa haba, tena heshima waliyoupa wenyeji ilimkera. Walipouchota walikuta vyombo vya dhahabu na fedha pamoja na vijisanamu vya watu na lama. Polo anakiri kwamba wenyeji waliumia kuliko alivyotarajia.

Waongozaji wengi hawamtaji mtu huyu. Hadithi inayopendwa ni ya jiwe: Wahispania walikuja, wakabomoa, lakini kuta za Wainka zikakataa kubomoka. Ni kweli, na inapendeza kupigwa picha. Ila kadiri nilivyotembea niliona kwamba watawala wale hawakuhangaika sana na kuta. Kuta waliziwekea ghorofa juu wakahamia. Vitu walivyovitafuta na kuviondoa vilikuwa vyepesi zaidi, na Polo alikuwa na jicho navyo.

Baada ya mchanga, au pengine kabla yake, aliwaendea wafalme. Mfalme wa Kiinka akifa hakuondoka. Mwili wake ulikaushwa, ukavishwa, ukabaki na mashamba yake, watumishi wake na jamaa waliousemea. Siku za sikukuu miili hiyo ililetwa kwenye uwanja huuhuu, ikaketishwa kwa daraja, ikamiminiwa pombe ya mahindi. Wahispania walipouteka mji mwaka 1533 jamaa waliificha, ikawa inahamishwa kijiji kwa kijiji. Polo aliisaka hadi akaipata, mwaka 1559.

Hatua chache kutoka uwanjani kuna nyumba ambayo sasa ni makumbusho, nayo ilikuwa ya baba yake mwandishi Garcilaso de la Vega, nahodha wa Kihispania. Mama alikuwa binti wa ukoo wa kifalme, Chimpu Ocllo. Kijana wao alizaliwa mwaka 1539 na lugha mbili kinywani. Mwaka 1560, akijiandaa kwenda Hispania, alikwenda kumuaga Polo. Liwali akamwambia, kwa kuwa unasafiri, ingia chumba kile uwaone wazee wako. Mlikuwa na miili mitano, wanaume watatu na wanawake wawili, nywele na nyusi zikiwa kamili, mikono imepishana kifuani. Garcilaso alikigusa kidole cha yule aliyeambiwa kuwa ni Huayna Capac, baba yake mfalme Atahualpa. Kilikuwa kigumu, anasema, kama cha sanamu ya mti. Alikuja kuyaandika hayo akiwa mzee, katika kitabu kilichochapwa Lisbon mwaka 1609, na hakuwahi kurudi Cusco.

Anakumbuka pia jinsi miili ilivyopitishwa mitaani imefunikwa shuka nyeupe. Wenyeji walipiga magoti wakilia, na hata Wahispania walivua kofia. Ilipelekwa Lima, kwenye hospitali ya San Andrés. Huko ikapotea. Wanaakiolojia wameitafuta katika viwanja vya hospitali hiyo mwanzoni mwa karne hii, wakakuta mambo mengine, si wafalme.

Tukaingia kanisa kuu. Ujenzi wake ulianza mwaka 1560 na ulichukua karibu karne nzima. Ndani kuna Karamu ya Mwisho ya Marcos Zapata, mchoraji wa hapahapa wa karne ya 18, ambamo katikati ya meza ya Yesu na mitume, ndani ya sahani, amelala simbilisi wa kuokwa, miguu juu. Kila kundi husimama hapo na kucheka. Nami nilicheka, lakini ukifikiri, ungeweka nini? Katika nyumba za milimani simbilisi ndiye nyama ya sherehe tangu kale.

Kwenye altare ya pembeni yupo Msulubiwa mweusi, Bwana wa Matetemeko, ambaye wenyeji humwita Taytacha Temblores. Tarehe 31 Machi 1650 mji ulipotikiswa na kuporomoka, watu walimtoa uwanjani, na inasimuliwa kwamba ardhi ikatulia. Weusi wake hutajwa kuwa moshi wa mishumaa ya karne nyingi. Kila Jumatatu Kuu huzungushwa mjini huku akimwagiwa maua mekundu ya ñucchu yanayofanana na matone ya damu.

Hapo jirani ni kanisa la Wajesuiti, lililojengwa upya baada ya tetemeko hilohilo kwa fahari iliyomuudhi askofu. Utaambiwa kwamba ugomvi ulifika Roma na Papa Paulo III akaamua upande wa kanisa kuu, ila barua yake ilichelewa na Wajesuiti wakawa wamekwisha kumaliza kazi. Hadithi tamu, na imo hata katika vitabu vya wasafiri. Tatizo lake ni kwamba Paulo III alifariki mwaka 1549, na Wajesuiti wa kwanza walifika Peru mwaka 1568.

Kutoka hapo kichochoro cha Loreto kinashuka katikati ya kuta mbili ndefu za Kiinka. Upande mmoja ulikuwa wa nyumba ya wanawali waliotengwa kwa ajili ya jua na mfalme, na sehemu ya eneo hilo baadaye ikawa monasteri ya masista, kwa hiyo wanawake wametawa pale chini ya dini mbili. Ukishuka zaidi unafika Qorikancha, hekalu la jua. Mwaka 1533, kabla kamanda Pizarro mwenyewe hajafika Cusco, Wahispania watatu walitumwa kutoka Cajamarca kuharakisha fidia ya Atahualpa, aliyekuwa mateka wao, wakabandua kuta za hekalu hili mabamba 700 ya dhahabu. Atahualpa aliuawa fidia ikiwa imelipwa. Kisha Wadominiko wakapewa mahali hapo, wakajenga kanisa na konventi juu yake, na vyumba vya hekalu vikapotea nyuma ya lipu.

Vilirudi kwa tetemeko. Jumapili tarehe 21 Mei 1950 mji ulitikiswa tena, maelfu ya nyumba zikaanguka, na lipu ya konventi ikabanduka, nyuma yake yakaonekana mawe ya Kiinka yakiwa yamesimama sawasawa. UNESCO ilituma ujumbe ukiongozwa na mwanahistoria wa sanaa George Kubler kushauri namna ya kuujenga mji. Swali la Qorikancha halikuwa jepesi: uirudishe konventi ya karne ya 17, au uibomoe ili hekalu lipumue? Wakafanya nusu kwa nusu. Ndiyo maana leo unasimama kwenye ua wenye matao ya Kihispania pande zote, na ndani ya matao, kama sanduku ndani ya sanduku, vyumba vya mawe meusi vyenye milango iliyopungua upana kuelekea juu. Mimi naona walifanya vyema. Wapo wanaosema ni vurugu tupu, na siku yenye watalii wengi siwezi kuwabishia.

Minara ya kanisa kuu nayo iliumia. Che Guevara, aliyepita hapa mwaka 1952 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, anasimulia katika shajara yake kwamba serikali ya Franco ilitoa fedha za kuitengeneza, na kwenye sherehe ya shukrani bendi ikapiga wimbo wa Jamhuri ya Hispania, ileile ambayo Franco aliipindua.

Mwisho tulipanda mtaa wa Hatun Rumiyoc, kwenye jiwe la pembe 12. Liko katika ukuta wa jumba linalohusishwa na mfalme Inca Roca, na juu yake sasa ni jumba la askofu mkuu. Walinzi hukataza kuligusa, kwa sababu nzuri: Februari 2025, usiku wa manane, mtu mmoja alilipiga kwa chuma akalimegua mahali kadhaa. Watu wote hulihesabu pembe. Ningeshauri wahame hatua mbili na kuliangalia jiwe lolote jirani lisilo na jina. Jua likiwa la kushoto au kulia, uso wake unaonekana umejaa vijishimo, kama ngozi ya mtu aliyepona ndui. Katikati ni vipana, na kadiri unavyokaribia ukingo vinakuwa vidogo, hadi kwenye kiungo chenyewe ni kama alama za sindano. Mbunifu wa majengo Jean-Pierre Protzen alizisoma alama hizo, akachukua mawe magumu ya mtoni, akajaribu mwenyewe: jiwe zito kwa uso, jiwe dogo kwa ukingo, gonga, weka, toa, gonga tena. Hakuna siri nyingine. Kiungo kinakaa kikavu, jiwe juu ya jiwe, bila chokaa. Ghorofa ya Kihispania juu yake ndiyo inayohitaji chokaa, na chokaa inahitaji mchanga.

Tulimalizia tulikoanzia. Tarehe 18 Mei 1781, uwanjani hapo, aliuawa José Gabriel Condorcanqui, aliyejiita Túpac Amaru wa pili kwa jina la babu yake aliyekatwa kichwa papo hapo mwaka 1572. Mkewe na mwanawe wa kwanza waliuawa kwanza, mbele ya macho yake. Mke huyo, Micaela Bastidas, aliyepanga chakula, silaha na wapelelezi wa uasi mzima, wanahistoria wengi humtaja kuwa na damu ya Kiafrika kwa upande wa baba, na kati ya amri za mwanzo za uasi, Novemba 1780, ilikuwemo ya kuwaachia huru watumwa. Farasi wanne walishindwa kumpasua Túpac Amaru, ndipo akakatwa kichwa. Kisha Areche, mjumbe wa mfalme aliyetoa hukumu, akapiga marufuku mavazi ya Kiinka, tarumbeta za makombe na picha za wafalme wa kale. Mwaka 1782 likaja agizo la kukusanya nakala za kitabu kimoja kilichokuwa na umri wa miaka zaidi ya 170: kile cha Garcilaso.

Mwongozaji wetu alifunga mwavuli, akashukuru, watu wakaingiza mikono mifukoni kutafuta bakshishi. Nilipompa yangu nilimuuliza habari ya mchanga. Alinitazama, akacheka, akasema hilo halienei katika matembezi ya saa mbili. Kisha akanishika bega akanigeuza kuelekea kanisa kuu, akanyoosha ncha ya mwavuli kwenye mstari mweupe, mwembamba, unaopita kati ya jiwe na jiwe.