Redio Iliyorudi Usukanini

Kila nikiwasha gari, mwanamke mmoja hunisemesha kwa Kijapani. Ana sauti ya upole, kama mhudumu wa benki anayekuomba ujaze fomu upya. Miezi kadhaa niliamini ananisalimia, hadi rafiki yangu aliyesoma huko aliponivunja mbavu: hakuna salamu yoyote, mama huyo analalamika kwamba kadi ya ETC haijachomekwa. ETC ni mfumo wa kulipia barabara za kasi za Japani bila kusimama, ulioanza kutumika mwaka 2001. Gari langu sasa linaijua foleni ya Ubungo kuliko linavyozikumbuka barabara za kwao, lakini kadi bado linaidai.

Hilo dogo. Kubwa lilikuwa redio. Skrini nzima ilikuwa Kijapani, stesheni za FM ziligota 90, na vile vitufe sita vya usukanini, vilivyonivutia siku ninanunua, vilibaki pambo. Aliyeniuzia alikuwa ameniapia kwamba kila kitu kinafanya kazi. Kilifanya kazi kweli, ila Japani. Nikalipeleka kwa fundi Gerezani, Kariakoo. Alipong'oa plastiki ya dashibodi na kuona nyaya zinazotoka kwenye usukani, akasema kwa heshima kidogo, "Haya mambo ya kisasa, kaka."

Sikumbishia, maana mtu aliyeshika bisibisi ndani ya gari lako habishiwi. Lakini hayo mambo si ya kisasa. Vidhibiti vya redio vilikaa usukanini kabla redio yenyewe haijapata nafasi kwenye dashibodi.

Mwaka 1928, mjini Chicago, ndugu wawili, Paul na Joseph Galvin, walianzisha kiwanda kidogo cha vifaa vilivyowezesha redio za nyumbani kutumia umeme wa ukutani badala ya betri. Biashara haikuwa na maisha marefu. Redio mpya zilikuwa zinatoka zikiwa na uwezo huo tayari, na mwaka uliofuata soko la hisa la New York likaporomoka. Paul Galvin akageukia magari. Walikuwapo mafundi waliofunga redio kwenye gari moja moja kwa oda, kwa gharama ya kutisha. Yeye alitaka redio moja itakayoingia kwenye magari mengi, kwa bei ambayo mtu wa kawaida angeweza angalau kuiota.

Juni 1930 watengenezaji wa redio wa Marekani walikutana Atlantic City. Galvin hakuwa na meza kwenye maonyesho. Alifunga redio kwenye Studebaker yake, akaendesha zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Chicago, akaegesha nje ya ukumbi na kufungulia sauti. Alirudi nyumbani na oda. Redio hiyo akaipa jina Motorola, akiunganisha "motor" ya motokaa na ile "ola" iliyokuwa kwenye majina ya vyombo vya muziki vya enzi zile, kama Victrola. Kampuni yenyewe ilikuja kuchukua jina la redio yake mwaka 1947.

Inasimuliwa pia kwamba Galvin alipokuwa akitafuta mkopo, alimfungia mkuu wa benki redio kwenye gari lake la Packard ili kumlainisha. Nusu saa baadaye gari likashika moto, na habari ya mkopo ikaishia hapo. Nilimhadithia fundi wangu. Alicheka sana, kisha akarudi kuzikagua nyaya zangu mara ya pili.

Moto huo, kama kweli uliwaka, haushangazi. Redio za siku hizo zilitumia valvu za kioo zilizohitaji umeme wa volti mia na zaidi, ilhali betri ya gari ilikuwa ya volti 6. Kwa hiyo sakafu ilikatwa shimo, zikalazwa humo betri nyingine za ziada. Antena ilikuwa wavu wa waya uliofichwa ndani ya paa. Mafundi wawili waliweza kumaliza siku kadhaa kwenye gari moja. Na baada ya jasho lote hilo, ukiwasha injini, kila cheche ya plagi ilipasuka spikani kama mahindi kwenye sufuria. Ikabidi plagi nazo zivalishwe rizista za kuzinyamazisha. Mwenye gari alilipa kiasi cha dola 110 hadi 130 kwa starehe hiyo, wakati Ford Model A mpya ilipatikana kwa dola mia tano na kitu.

Lakini boksi lenyewe la redio lilikuwa zito na kubwa mno kwa dashibodi. Lilifungwa chini yake, kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya abiria. Dereva angelifikiaje bila kuinama na kuliacha gari lijiendee? Jibu lilikuwa kisanduku kidogo chenye sahani ya namba na vitufe vya kuzungusha, kilichobanwa kwenye nguzo ya usukani. Kutoka hapo zilishuka kebo za kujipinda, ndugu na ile ya spidimita, hadi kwenye boksi. Ukizungusha kitufe juu, kebo inazunguka ndani ya ala yake, na huko gizani chini ya dashibodi chombo kinahama kutoka stesheni moja kwenda nyingine. Hakuna mwanga, hakuna mawimbi, ni chuma kinachokizungusha chuma kingine. Ile ilikuwa rimoti, na kwa maana halisi ya neno: kukiongoza kitu kilicho mbali na mkono.

Wajerumani nao walifika mahali pale pale. Mwaka 1932 Blaupunkt ya Berlin ilitoa redio ya gari ya kwanza Ulaya, Autosuper AS 5. Ilikuwa na uzito wa kilo 15 hivi na bei ya Reichsmark 465, karibu theluthi ya bei ya gari. Nayo iliendeshwa kwa kidhibiti kwenye nguzo ya usukani, kwa sababu ile ile kwamba dereva hakuweza kuifikia.

Malalamiko yalianza mapema. Mwaka 1930 huohuo, huko Massachusetts na mjini St. Louis, yalitolewa mapendekezo ya kupiga marufuku redio ndani ya magari, kwa hoja kwamba muziki ungemteka dereva au kumbembeleza alale. Hayakupita. Ukiwasikiliza watu wanaolalamikia skrini za leo, unasikia maneno yale yale, na safari hii nadhani wana haki zaidi: kitufe cha kuzungusha mkono hukipapasa bila macho, lakini kioo lazima ukitazame.

Redio ikaendelea kupungua mwili. Kilipokuja kifaa cha kutetema kilichoukatakata umeme wa betri ili upandishwe volti, zile betri za sakafuni zikaondoka, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930 boksi likaanza kupanda taratibu kuingia dashibodini. Kisanduku cha usukanini kikatupwa. Mkono wa dereva ukaacha usukani na kwenda katikati ya gari, ukakaa huko karibu nusu karne.

Miaka hiyo naipita haraka, maana ni orodha ya mashine. Blaupunkt ilileta FM garini mwaka 1952. Becker, nayo ya Ujerumani, ikatoa mwaka 1953 redio iliyotafuta stesheni yenyewe, iitwayo Mexico. Mwaka 1955 Chrysler na Philco wakatangaza redio ya gari ya transista tupu, dola 150, isiyongoja valvu zipate moto. Chrysler hiyo hiyo ikaweka santuri chini ya dashibodi katika magari ya 1956. Sahani zake zilizunguka polepole, mara 16 na theluthi mbili kwa dakika, na ziliuzwa na kampuni moja tu. Haikudumu. Aliyeibuni hakupata kupita barabara zetu za vumbi mwezi wa Machi, la sivyo angejiokolea fedha.

Kilichodumu ni kanda. Philips waliitoa kaseti ndogo mwaka 1963, na mwaka 1968 wakauza redio ya gari yenye mahali pa kuichomeka. Sasa dereva hakungoja tena mtangazaji ampigie anachokitaka. Huku kwetu kaseti ndiyo iliyolifanya gari kuwa ukumbi. Mtu wa rika langu akikuta redio ya kaseti hukumbuka mambo mawili: harufu ya plastiki iliyochomwa na jua kwenye dashibodi, na kanda iliyotafunwa, ikivutwa kama utumbo wa samaki na kuzungushwa tena kwa kalamu ya Bic. Matatu za Nairobi zikajengewa jina kwa spika zake, na abiria wakachagua gari kwa muziki. Kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ambazo Wakenya hadi leo huziita kwa jina la waziri John Michuki, zilikuja na mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano, na kwa muda zikazituliza zile spika. Kwa muda.

Jambo jingine lililobadilisha historia hii halikuwa sauti, lilikuwa shimo. Wajerumani waliweka kipimo kimoja cha nafasi ya redio, kiitwacho DIN: upana milimita 180, kimo milimita 50. Sehemu kubwa ya dunia ikakifuata. Ghafla redio ile ile iliweza kuingia karibu gari lolote, na pia kutoka karibu gari lolote, na wezi hawakuhitaji kuelezwa mara mbili. Katika miaka ya 1980 wenye magari mjini New York walibandika karatasi kwenye vioo kuwasihi wavunjaji kwamba ndani hamna redio. Viwanda vikajibu kwa redio yenye uso wa kubanduka. Unatoka na uso mfukoni, mwizi anabaki na kiwiliwili.

Katika miaka hiyo hiyo ndipo mkono ulipoanza kurudi. Mwaka 1984 Renault ya Ufaransa iliingiza sokoni gari la Renault 25, na nyuma ya usukani wake kulikuwa na kijisanduku cha vitufe vya redio, kimebanwa kwenye nguzo, mahali pale pale alipokiweka mtu wa 1930. Muda si mrefu Pontiac ya Marekani ikajaza vitufe vya redio kwenye usukani wenyewe.

Hapo likazuka tatizo ambalo nguzo haikuwa nalo: usukani unazunguka, na waya ukiuzungusha unakatika. Dawa yake ndiyo ile iliyokuwa imefunuliwa mbele yangu Gerezani. Ni utepe mwembamba wa nyaya uliojiviringa ndani ya kikombe cha plastiki kama spiringi ya saa. Ukikata kona kulia unakaza, ukikata kushoto unalegea. Humo humo unapita waya wa mfuko wa hewa, kwa hiyo fundi mwenye akili hutoa kichwa cha betri na kunywa chai kwanza kabla ya kugusa. Wangu alikunywa.

Ujanja mwingine umefichwa kwenye vitufe. Ungedhani vitufe sita vinahitaji nyaya sita. Hapana. Kila kitufe kina rizista yake ya kipimo tofauti, na vyote vinagawana waya mmoja au wawili. Redio inapima tu umeme umepungua kiasi gani, inajua nani kabonyezwa. Ni kama mama anayewatambua watoto wake kwa namna kila mmoja anavyobisha hodi.

Nafungua mabano kuhusu rimoti ile nyingine, ya funguo. Nayo ililetwa na Renault, kwenye gari la Fuego mwaka 1982, kazi ya Mfaransa Paul Lipschutz. Wafaransa bado huiita plip kutokana na jina lake. Ilipokuja kutumia mawimbi ya redio, wezi waligundua kuwa msimbo usiobadilika unaweza kunaswa na kurudiwa. Kati ya majibu maarufu ni KeeLoq, uliobuniwa Afrika Kusini katika kampuni ya Nanoteq miaka ya 1980: kila ukibonyeza, msimbo hubadilika, na wa jana haufungui leo. Mwaka 1995 Microchip ya Marekani ikaununua, na ukasambaa duniani. Nafunga mabano.

Sasa kwa nini redio yangu iligota 90? Japani ilitenga masafa ya 76 hadi 90 kwa FM, na juu yake, 90 hadi 108, ikaweka chaneli tatu za kwanza za televisheni. Televisheni ya analojia ilipozimwa mwaka 2011, nafasi ikapatikana na FM yao ikaongezwa hadi 95. Sisi tunaanzia 87.5 na kuishia 108. Kwa hiyo redio ya Kijapani hapa husikia kijipande cha mwanzo tu. Suluhisho la wengi ni ekspanda, kijiboksi kinachofungwa kwenye waya wa antena na kuyashusha masafa yote kwa pamoja. Ikishusha kwa 15, stesheni ya 98 utaikuta 83, nawe unaendesha huku unapiga hesabu za kutoa. Na kwa kuwa dirisha la Kijapani ni dogo kuliko letu, daima kuna stesheni zinazobaki nje.

"Ekspanda nakufungia leo leo," alisema fundi. "Lakini vitufe vyako vitaendelea kuongea Kijapani."

Nikanunua redio mpya, ya Kichina, skrini kubwa. Shimo la Toyota yangu lina upana wa milimita 200, si zile 180 za DIN, kwa hiyo alichomeka vipande viwili vya plastiki pembeni kuziba pengo. Nyuma ya redio kulikuwa na nyaya mbili zenye karatasi iliyoandikwa KEY1 na KEY2. Akaziunganisha na zile za usukani, akafungua ukurasa wa mafunzo kwenye skrini, akaniambia nibonyeze kimoja kimoja na kushikilia. Cha kwanza, sauti juu. Cha pili, sauti chini. Cha tatu kiligoma, akakitoa, akakisugua kwa pamba yenye spiriti, kikakubali. Cha simu tulikikosea mara mbili, kikawa kinabadilisha stesheni.

Jioni akarudisha plastiki zote, akabakiwa na skrubu moja ambayo alidai haikuwa ya gari langu. Nikawasha.

Yule mama akanisemesha.

"Huyo ana boksi lake chini ya usukani, hahusiani na redio," alisema fundi, bisibisi mkononi. "Nimtoe?"

"Muache," nikasema, na kwa kidole gumba nikapandisha sauti.