Kunyonga, Kukokota, Kutalii

Sehemu nyingi za baiskeli zimetufikia na majina yake ya Kizungu: pedali, breki, spoki, fremu, pampu, karia, madigadi. Chombo chenyewe pia. Lakini geukia vitendo. Mtu ananyonga baiskeli, anaikokota, anaserereka nayo mteremkoni, anapakia mzigo, anaziba pancha. Hakuna hata kitendo kimoja hapo kilichoazimwa. Viwanda vya ng'ambo vilileta chuma. Mwendo ulitoka katika miili ya watu ambao lugha yao ilikwisha kujua kusokota, kuvuta na kuteleza.

Anayetaka kuandika mwongozo wa njia za baiskeli katika mabonde na misitu ya Kilwa atashawishika kufungua kijitabu cha Ulaya na kukitafsiri: daraja la kwanza, la pili, la tatu, kijani kwa njia rahisi, nyekundu kwa njia ngumu. Ningemsihi akifunge, aende Tingi.

Tingi iko kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi, kati ya Somanga na Nangurukuru. Hapo ndipo barabara ya Kipatimu inapochepuka kuelekea magharibi, ikiiacha pwani na kupanda vilima vya Matumbi. Ni vilima vilevile ambako Julai 1905, kijijini Nandete, wakulima waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Upande wa kusini unapita Mto Matandu, unaoingia baharini karibu na Kilwa Kivinje. Lami, changarawe, kichanga, mlima na bonde vyote vinapatikana bila kutoka wilayani, na kila kimoja kina kitendo chake.

Kunyonga ni kitendo cha lami na cha tambarare ngumu. Neno lina ukali, kwa kuwa tunanyonga pia shingo na nguo iliyolowa. Likiwa nomino, nyonga ni maungio ya paja na kiuno, pale hasa panapouma baada ya siku nzima juu ya tandiko. Mtu aliyesema kwa mara ya kwanza kwamba ananyonga baiskeli alikuwa anaeleza jinsi kazi inavyofanyika: mguu unakaza, unalegea, unakaza tena.

Kukokota ndilo neno ninalolipenda kuliko yote. Ni kutembea ukiwa umeshika usukani, baiskeli ikikufuata ubavuni. Katika lugha ya mashindano, kushuka kwenye baiskeli ni kushindwa. Mchuuzi anayetoka pwani na matenga ya samaki kwenye karia hana fikra hiyo. Akifika mlimani anashuka, anakokota, akifika juu anapanda. Kukokota ni sehemu ya safari yake kama kunyonga kulivyo, na ndiyo maana neno halina aibu yoyote ndani yake. Limezaa hata jina la chombo kingine, mkokoteni.

Sasa yaingize maneno haya katika kauli ya kutendeka, uone Kiswahili kinavyofanya kazi ambayo wengine huifanyia rangi na tarakimu. Njia inanyongeka. Njia inakokoteka. Mto unavukika. Barabara inapitika. Kila kimoja ni kipimo kamili, na hakuna mtoto wa Kilwa asiyekielewa. Ukimwambia msafiri kwamba njia fulani ni ya daraja la tatu, atahitaji ukurasa wa maelezo. Ukimwambia kwamba inakokoteka tu, ameshajua apange muda gani, abebe maji kiasi gani, na avae viatu vya namna gani.

Kupitika tayari ni neno la ofisini. Wahandisi wa wakala za barabara, TANROADS na TARURA, hulitumia katika taarifa zao: barabara inapitika mwaka mzima, au inapitika kiangazi tu. Ila hapo linalopimwa ni gari. Mei 2024, katika mvua za wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara kuu ilikatika maeneo ya Somanga na mabasi yakakwama pande zote mbili. Kukatika ni neno sahihi kwa barabara, linaloifanya kamba iliyovutwa toka mji hadi mji. Baiskeli, kwa upande wake, inaweza kubebwa begani pale maji yanapopungua, siku nyingi kabla ya kifusi kumwagwa. Kwa hiyo mwongozo wa baiskeli unahitaji kupitika kwake wenyewe, na usinakili kule kwa magari.

Bondeni maneno yanahitaji uangalifu zaidi. Mbuga, kwa wengi leo, ni mahali pa kutazama simba. Maana yake nyingine, ambayo mwendesha baiskeli hawezi kuidharau, ni uwanda wa chini wenye udongo mweusi unaotuamisha maji. Kiangazi mbuga inapasuka nyufa na inanyongeka kwa taabu. Masika tope lake linajaza nafasi kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka; hapo hata kukokota kunakwisha. Kivuko nacho kina maana mbili, mahali pa kuvukia na chombo cha kuvushia. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, msafiri wa kusini alivuka Mto Rufiji kwa kivuko cha maana zote mbili, pale Ndundu. Mwongozo ukiandika kivuko bila kueleza ni kipi, mtu anaweza kufika ukingoni akisubiri pantoni isiyokuwapo.

Lakini neno linalonikera likitumiwa ovyo ni pori. Sheria inalo: tuna mapori ya akiba na mapori tengefu, na Selous yote ilikuwa Pori la Akiba hadi sehemu yake kubwa ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Mitaani, hata hivyo, pori ni mahali pasipo na mwenyewe. Ukiita pori kila penye miti kati ya mito ya Matandu na Mavuji, umewafuta wenye miti. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliviwezesha vijiji kutenga misitu yao wenyewe, na Kilwa ililichukua jambo hilo kwa dhati. Mwaka 2009 kijiji cha Kikole kilipata cheti cha FSC, cha usimamizi mzuri wa misitu, kupitia mradi wa mpingo, ule mti mweusi wa vinyago na wa klarineti, na kabla ya hapo vyeti vya namna hiyo havikuwahi kutolewa Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanavijiji. Basi jina ni msitu wa kijiji, na mgeni anaanzia ofisi ya kijiji.

Wapo wanaosema kwamba miombo si msitu, kwa sababu matawi yake hayafungi anga na nyasi zinaota mpaka chini ya shina. Sikubaliani nao. Kilwa ina misitu ya pwani iliyofungamana na ina miombo yenye mwanga, mara nyingine ng'ambo hii na ile ya njia moja, na wenyeji wanaiita yote misitu. Tofauti ielezwe kwa jina la mti. Muombo mmoja, miombo mingi: wataalamu wa mimea duniani kote wamelichukua neno hilo kwa wingi wake, na hawakuona haja ya kutafuta jingine. Kabla ya mvua kuanza, majani machanga ya miombo hutoka mekundu kama shaba, na anayepita kwa baiskeli hukaa chini ya rangi hiyo kwa saa nyingi; wa basi huiona kwa dakika chache.

Limebaki neno utalii, ambalo wengi wetu tumelichoka, kwani linanukia tiketi na geti. Tusilitupe. Kutalii asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya zamani ni kusoma kwa makini, kuchunguza. Mtalii alikuwa msomaji kabla hajawa mgeni mwenye kamera. Kwa maana hiyo utalii wa baiskeli ni istilahi nzuri, tena nzuri kuliko wanavyodhani walioitunga, kwa kuwa mwendo wa kunyonga unamruhusu mtu kuisoma nchi neno kwa neno, na kukokota kunamlazimisha.

Nani apime njia hizi, basi? Wachuuzi wa samaki, na kila kipimo kiandikwe mara mbili, kwa baiskeli tupu na kwa baiskeli yenye mzigo. Mlima unaonyongeka asubuhi na karia tupu huwa unakokoteka tu jioni matenga yakiwa yamejaa, na mtalii mwenye hema, sufuria na madumu ya maji yuko upande wa matenga.