Kosa Lililogeuka Kipimo cha Mvua

Wazee wetu walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Neno hilo ni la kweli, lakini wingu lenyewe lina asili yake, nayo ni mvuke wa maji usioonekana kwa macho. Mvuke huo waweza kujikusanya juu ya mji kwa saa nyingi, na mtu akitazama juu asione kitu. Kwa muda mrefu wataalamu wa hali ya hewa waliupima kwa kurusha maputo yenye vyombo, na kwa kawaida maputo hayo hurushwa mara mbili tu kwa siku. Baina ya puto na puto, mvua kubwa yaweza kuumbika, ikanyesha na kuzigharikisha nyumba za watu kabla ya chombo kupanda tena.

Njia ya kuziba pengo hilo ilitoka mahali pasipotazamiwa. Mwaka 1978 Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya mfumo wa GPS, uliokusudiwa kuyaongoza majeshi yake. Setilaiti hizo huizunguka dunia katika kimo cha kilomita 20,200 hivi, zikituma ishara za redio. Chombo kilicho chini hupima muda ambao ishara imekaa njiani, na kwa muda huo hupata umbali. Lakini ishara ikiingia katika hewa yetu hupunguza mwendo kidogo, na umbali huonekana umezidi kwa mita 2 na zaidi, hata setilaiti ikiwa juu ya utosi. Kwa wapima ardhi, waliotaka kujua mwendo wa miamba kwa milimita, hilo lilikuwa kosa la kuudhi, nao walilikadiria ili waliondoe.

Sehemu kubwa ya kosa hilo huletwa na hewa kavu, nayo hujulikana kwa kupima kani ya hewa pale chini. Inayobaki ni kazi ya mvuke. Mwaka 1992 Michael Bevis na wenzake walichapisha makala kueleza kwamba kile walichokitupa wapima ardhi kilikuwa mali kwa watabiri wa mvua. Mvuke ambao ungefanya maji ya kina cha milimita 1 huuzidisha umbali kwa milimita 6 hivi. Basi anayejua kosa aweza kuujua mvuke. Mwaka 1993 jambo hilo lilijaribiwa katika majimbo ya Oklahoma na Kansas, na vipimo vilikaribiana na vya vyombo vingine kwa tofauti ya milimita 1 au 2 tu.

Wajapani, ambao nchi yao hutikiswa mara kwa mara na matetemeko, walikuwa wamekwisha kusimika vituo zaidi ya 1,000 vya kupima mwendo wa ardhi. Mwaka 2009 idara yao ya hali ya hewa ilianza kuutia mvuke uliopimwa na vituo hivyo katika hesabu za utabiri. Hivyo vyombo vilivyowekwa kuilinda nchi na hatari ya chini vikaanza kuilinda na hatari ya juu, usiku na mchana, mvua ikinyesha au isiponyesha.

Hata hivyo, mvuke mwingi si mvua bado. Sharti hewa ipande, ipoe, ndipo matone yafanyike. Wala kujua si kuokoka. Mwezi wa Julai 2018 mvua kubwa ziliipiga Japani ya magharibi, na watu zaidi ya 200 wakafa ingawa maonyo yalikuwa yametolewa. Chombo humwonya mtu, lakini hakiwezi kumwondoa nyumbani kwake.

Pwani yetu nayo, huko Malindi, kimepata kusimikwa kituo cha kupokea ishara hizo. Mwanafunzi atakayepita karibu na chombo cha namna hiyo na akumbuke kwamba elimu hii ilianza pale watu walipoliangalia kosa kwa makini, wakauliza limetoka wapi, kabla ya kulifuta.