Gandeni: amri ya kusimamisha pambano la fimbo za sponji

Katika michezo ya kupigana kwa silaha za sponji, somo la kwanza la mgeni ni kusimama. Dagorhir, iliyoanza Marekani mwaka 1977, na Amtgard, iliyoanzia El Paso, Texas, mwaka 1983, zina amri moja inayozishinda nyingine zote: "hold". Yeyote aliyeko uwanjani, hata aliyejiunga leo, akiona mtu ameanguka vibaya au miwani imedondoka, hulipaza neno hilo. Kila mpiganaji hubaki pale alipo mpaka hatari iondolewe.

Sasa mfikirie mwalimu anayetaka kuuanzisha mchezo huu Kewanja, kule Nyamongo wilayani Tarime, kando ya mgodi wa dhahabu wa North Mara. Wanafunzi wake wengi nyumbani husema Kikurya, na mgodi umevuta watu wa makabila mengine pia. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Apige kelele gani?

Kamusi itampa "shika". Asiikubali hata kidogo. Mtaani "shika!" na "mshike!" ni kelele za kumkimbiza mwizi; mgeni akizisikia atamrukia mwenzake. "Simama" inaelekea kufaa, na mgambo yeyote ataitetea. Lakini kwa kanuni za Dagorhir, aliyepigwa mguu huhesabiwa kuwa ameupoteza, akapiga goti na kuendelea kupigana akiwa chini. Mtu huyo akiambiwa "simama!" atainuka, na kichwa chake kitakutana na fimbo ambayo tayari iko hewani. Kichwa ndicho ambacho fimbo hairuhusiwi kukigusa. "Acha" nayo inamhusu anayepiga tu. Anayekimbia kinyumenyume kuelekea shimoni hana cha kuacha. "Tulia" ni neno la kumpoza mwenye hasira, tena husemwa taratibu.

Napendekeza "ganda", na kwa kundi "gandeni". Mafuta huganda, simu huganda, na kila msikilizaji anajua maana yake: kilichokuwa kikienda hakiendi tena. Halimwambii mtu ainuke wala ashuke. Aliye gotini atabaki gotini, aliyenyoosha mkono atauacha hapohapo. Pambano likirudi, "haya!" inatosha.

Wapo watakaosema tulibakize neno la kigeni, kama judo ilivyofanya. Zanzibar, ambako Mjapani Tsuyoshi Shimaoka aliujenga mchezo huo kuanzia miaka ya 1990, "matte" imebaki "matte". Ila judo ina mwamuzi mmoja mwenye kazi ya kulitamka. Hapa neno linaweza kumtoka mgeni aliyeshtuka, na aliyeshtuka hukimbilia maneno aliyoyazoea.

Kuna jingine la kuangaliwa Tarime. "Silaha" si neno jepesi mahali ambapo koo zimewahi kupigana kwa mapanga na mishale. Mwalimu aseme "fimbo", tena "fimbo ya sponji", na wazazi waione na kuibonyeza kabla ya mtoto kupewa. Hata sponji yenyewe inahitaji uangalifu. Ya godoro ina matundu yaliyofunguka. Ikipigwa inanywea yote na bomba lililofunikwa ndani yake linamfikia mtu. Inayofaa ni ile ngumu kiasi, ya aina ya soli ya kandambili. Ncha iwe pana isiyoweza kuingia kwenye tundu la jicho. Kila siku ya mchezo, kila fimbo ijaribiwe kwanza kwa kumpiga nayo mwenye fimbo. Ikimuumiza, haiingii uwanjani.

Wazo la kulainisha kipigo si geni kwetu. Makunduchi, Unguja, katika sherehe za Mwaka Kogwa kila Julai, wanaume hupigana kwa mashina ya migomba, ambayo yalichukua nafasi ya fimbo za mti ili watu wasiumizane. Mgomba unakatika kabla ya mfupa.

Kinachobaki kuwa kigumu Kewanja ni umri. Wakurya hupanga watu kwa marika, na kijana kumwamrisha mkubwa wake si jambo dogo. "Gandeni" inasaidia kidogo, kwa kuwa imeelekezwa kwa wote na haimnyooshei mtu kidole. Lakini inahitaji mazoezi. Wiki ya kwanza, kabla fimbo hazijagawiwa, watu wakimbiekimbie uwanjani mikono mitupu, na kazi ya kupiga kelele apewe mdogo kuliko wote, airudie mpaka wakubwa wamgandie bila kugeuka kumtazama.