Wale wa chai

Leo historia kidogo, ila inatuhusu sana humu hosteli.

Mwaka 1935 huko Lincoln, Uingereza, mchungaji kijana Chad Varah alimzika binti aliyejiua. Binti alivunja ungo, akadhani kapata ugonjwa wa zinaa, na hakuwa na wa kumuuliza. Jamani!

Varah hakumsahau. Novemba 1953 akaanzisha huduma ya simu katika kanisa la St Stephen Walbrook, London, kwa wanaofikiria kujiua. Enzi hizo kujaribu kujiua lilikuwa kosa la jinai kule, hadi sheria ilipobadilishwa 1961, kwa hiyo watu walificha.

Wageni wakawa wengi, wakaja watu wa kujitolea kuwapa chai wanaosubiri zamu. Kumbe wengi wakishaongea na hao wa chai, wanaondoka bila hata kumwona mchungaji! Februari 1954 akawaachia rasmi kazi ya kusikiliza. Ndio Samaritans, wapo mpaka leo.

Sasa sisi walimu watarajiwa tunapenda mno kuhubiri. Mshkaji akikwambia amechoka kuishi, usimcheke, usimpe mawaidha. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Msikilize, usimwache peke yake, mpeleke kwa mshauri wa wanafunzi au hospitali.

Na wewe unayesoma hapa moyo ukiwa mzito: gonga mlango wa jirani leo hii. Hata iwe saa nane usiku, amsha mtu.