Shing'weng'we, panzi na bibi aliyekatwa sikio

Nimekuwa kimya kama wiki mbili hivi, naomba mnisamehe. Ilianza test, bumu likachelewa, kisha test tena, na mtu mwenye njaa haandiki kitu cha maana. Leo bumu limetoka, nimekula chipsi mayai, akili imerudi.

Kilichonileta ni swali la semina ya fasihi. Juzi mwalimu aliandika ubaoni: mhusika mbaya mzuri ni yupi? Darasa zima likacheka, maana mbaya mzuri ndiye nani tena? Lakini swali lenyewe ni la kweli. Hadithi nyingi zinamhitaji mtu wa kumchukia, sasa anatengenezwaje mpaka msomaji asimsahau? Majibu yakawa yale yale: awe katili, awe na nguvu kuliko shujaa, awe anatisha. Jamaa mmoja wa viti vya nyuma akasema adui lazima ampige stelingi kwanza, la sivyo picha haina utamu. Tukapiga makofi.

Mimi sikusema kitu. Sababu nitaieleza huko chini. Kwa kuwa somo langu la pili ni historia, naomba nijibu kihistoria, na nianzie nyumbani Bariadi.

Sisi tuliokulia Bariadi, shule yetu ya kwanza ya fasihi ilikuwa kibanda cha video. Runinga moja, mabenchi, jenereta linaunguruma nje, na sauti ya Lufufu ikitutafsiria picha kwa Kiswahili chenye chumvi nyingi. Adui tulimjua dakika ya kwanza tu. Ana kovu, anacheka ovyo, anavaa miwani nyeusi hata usiku. Hatukusubiri afanye kosa. Akiingia na sura ile, kibanda kizima kinapiga kelele "huyo huyo!" Na stelingi hafi, kila mtu anajua.

Vitabuni nako wapo wa namna hiyo. Shaaban Robert katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, aliwaita ndugu wawili wabaya Hasidi na Mwivu. Ukishasoma majina hayo, kazi ya kumtafuta mbaya imekwisha. Simkosoi Shaaban Robert, mimi nani! Alikuwa anaandika hadithi ya maadili na jina lilikuwa sehemu ya fundisho. Ila mnaona tulivyolelewa: jina au sura inatangulia, tendo linakuja baadaye.

Sasa njooni kwa Wasukuma, maana huku hata mtoto wa chekechea anamjua Shing'weng'we. Kwa wasiomjua, hili ni zimwi lililomeza watu wote na mifugo yote. Akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi ya nafaka. Akajifungua mtoto wa kiume, akaitwa Masala Kulangwa. Masala ni akili, kulangwa ni kufundishwa. Mtoto akakua, akamuuliza mama yake, mbona tuko wawili tu, watu wako wapi? Mama akamwambia wamemezwa na Shing'weng'we.

Hapo ndipo utamu unapoanza. Kijana anaingia porini kumtafuta adui ambaye hajawahi kumwona. Anakutana na panzi, anamuua, anarudi mbio: mama, nimemuua Shing'weng'we! Mama anamwambia hapana mwanangu, huyo ni panzi. Kesho anarudi na ndege. Hapana mwanangu, huyo ni ndege. Anarudi na mnyama mkubwa kidogo, jibu ni lile lile. Sisi watoto tulikuwa tunacheka mpaka tunalia, na bibi alikuwa anairefusha sehemu hiyo makusudi. Mwisho kijana anakutana na zimwi lenyewe, analiua, analipasua tumbo, watu wanatoka na ng'ombe wao.

Mtu angedhani hadithi imeisha. Haijaisha. Wakati anapasua tumbo, kisu kilimkata sikio bibi mmoja aliyekuwa ndani. Bibi akakasirika sana, akataka kumroga kijana. Na kijana, ambaye ametoka kuua zimwi na kisu bado kiko mkononi, hakumuua bibi. Alimtafutia dawa, akalitibu sikio. Baada ya hapo ndipo watu wakamfanya mtemi.

Wadau, nimesikia hadithi hii mara zisizohesabika na sikuwahi kumfikiria huyo bibi. Nilimwona kama mkia wa hadithi. Leo naona ndiye mhusika mbaya bora kuliko zimwi. Shing'weng'we anameza kwa kuwa ndivyo alivyo, humuulizi kwa nini. Bibi ana sababu. Ameumizwa, tena na mkombozi mwenyewe, kwa bahati mbaya lakini ameumizwa. Ukimchukia, ni lazima uulize kwanza nani alimkata. Basotho nao wana zimwi lao lililomeza watu, Kgodumodumo, na kijana wao Senkatana aliyewaokoa, ila kwao mwisho ni mchungu: wale wale waliookolewa wanamuua mwokozi wao. Kwetu kuna dawa.

Hiyo ni hadithi. Sasa historia.

Kumbukeni Mkoa wa Simiyu ulianzishwa 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa Mkoa wa Shinyanga, kwa hiyo mkiona Shinyanga kwenye maandishi ya zamani, na sisi tumo. Mkoa huo na ndugu yake Mwanza vilipata sifa mbaya ya mauaji ya vikongwe. Kati ya 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, na zaidi ya nusu ya matukio yalikuwa Usukumani. Wengi wao walikuwa wanawake. Na alama iliyotajwa mara nyingi ilikuwa macho mekundu. Yaani kile kile cha kibanda cha video: sura kwanza, kosa halitafutwi. Huyo huyo!

Sasa macho yalikuwa mekundu kwa nini? Moshi. Bibi zetu wamepika miaka mingi kwa mavi makavu ya ng'ombe na mabua ya pamba, ndani ya jiko lisilo na dirisha la maana, kwa kuwa kuni hakuna. Na kuni hakuna kwa nini? Hapa ndipo historia inapogeuka polisi wa upelelezi. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Mwingereza ilihimiza kufyeka mapori ya Shinyanga ili kuua makazi ya mbung'o. Nia haikuwa mbaya, mbung'o waliua ng'ombe na watu kweli. Baadaye pamba ikataka mashamba zaidi, na ng'ombe nao wakaongezeka. Hali ya ardhi ilifika mahali ambapo mwaka 1986 serikali ilianzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ili miti irudi na watu wafufue ngitili zao, yale malisho wanayoyatenga na kuyatunza. Kwa hiyo mtu aliyekuwa anamtafuta mchawi kwenye jicho la bibi, angefuata moshi angefika kwenye shamba la pamba, na penye shoka la miaka ya 1930. Lakini nani ana muda wa kufuata moshi? Panzi yuko karibu.

Kuna sura nyingine ya historia hii ambayo kila mwanafunzi wa ualimu angepaswa kuijua. Mwaka 1976 dola iliingia Mwanza na Shinyanga na operesheni ya kuwasaka waliohusika na mauaji hayo. Lengo lilikuwa zuri. Lakini watuhumiwa waliteswa, na baadhi wakafia mikononi mwa waliowakamata. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kwa kubeba dhamana ya kisiasa, ingawa hakutesa mtu kwa mkono wake. Wakuu wa mikoa hiyo miwili nao wakaachia ngazi, na baadhi ya maofisa wakafikishwa mahakamani. Mwinyi ndiye aliyekuja kuwa Rais mwaka 1985. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 likaja Sungusungu, jeshi la jadi la kupambana na wezi wa ng'ombe, na lenyewe lilisifiwa kwa kurudisha usalama, huku katika siku zake za mwanzo vikongwe pia wakisakwa kama wachawi.

Mnaona mtiririko? Kila aliyeingia porini alikuwa anamtafuta Shing'weng'we. Kila mmoja alijiona ni Masala Kulangwa. Na kisu kilikata masikio ya watu waliokuwa tumboni.

Sasa ile sababu yangu ya kukaa kimya semina. Muhula uliopita tulipewa kazi ya kutunga hadithi fupi. Mimi niliandika ya kutisha: kijiji fulani, watoto wanaugua, na nyuma ya yote yuko bibi kizee mwenye macho mekundu, anaishi peke yake, ana paka. Sikueleza kwa nini anafanya hivyo. Sikuona haja. Nikapata alama nzuri, tena yenye maandishi ya kalamu nyekundu kwamba mhusika wangu anatisha. Nilitamba bwenini wiki nzima.

Likizo nikaenda kumsalimia bibi kijijini. Bibi hasomi, lakini anapenda hadithi kuliko mimi, basi jioni nikamsimulia kwa kujidai, huku yeye anapika. Alisikiliza yote bila kunikatiza. Nilipomaliza, nikasubiri anisifie. Akaniuliza swali moja tu:

"Mjukuu wangu, huyo bibi wako anapikia nini?"

Nikacheka. Nikamwambia bibi, hiyo si muhimu, ni hadithi tu. Hakunijibu. Akainama kupuliza moto, moshi wa mavi ya ng'ombe ukamjaa usoni, akainua uso na kujifuta kwa kona ya kanga. Macho yalikuwa mekundu.

Jamani. Nimekula kwenye jiko lile tangu sijaota meno. Na nilikuwa nimekaa pale kumsimulia bibi yangu hadithi ambayo yeye ndiye zimwi. Ugali wa siku ile ulinishinda, nikasingizia tumbo. Akanichemshia majani ya dawa, nikanywa. Sijamwomba msamaha mpaka leo, maana sijui naanzia wapi, na yeye hajalitaja tena.

Kwa hiyo jibu langu la semina, ambalo nimechelewa kulitoa, ni hili. Mhusika mbaya mzuri ni yule anayekulazimisha umtafute. Akipatikana dakika ya kwanza kwa macho, kovu au uzee, mwandishi ameleta panzi. Na mhusika mbaya mzuri ana sikio lililokatwa mahali fulani, mwandishi analijua sikio hilo hata kama shujaa halijui. Hii haina maana kwamba ubaya usamehewe. Bibi wa kwenye hadithi alitaka kuroga, na hilo ni kosa. Lakini kijana alipojua sababu, alipata kitu cha kufanya zaidi ya kuua.

Wengine wataniambia mbona unachukulia kwa uzito, hadithi ni hadithi. Sawa. Ila sisi ni walimu watarajiwa. Mwaka kesho tutakuwa mbele ya watoto, wengine huku huku Simiyu, wengine Katavi au Lindi, tukiwaambia "tungeni hadithi ya kutisha." Mtoto ataandika bibi mwenye macho mekundu, kwa sababu ndivyo alivyosikia. Kalamu nyekundu itakuwa mkononi mwako. Mimi nimeamua nitaandika pembeni: anapikia nini?

Ile hadithi yangu nimeanza kuiandika upya. Bibi bado yumo, paka nimemwacha, ila mbaya wa kweli sijampata. Kila nikidhani nimempata namsikia mama wa Masala Kulangwa: hapana mwanangu, huyo ni panzi.

Naomba kuwasilisha. Wenye mawazo tofauti tukutane kantini, ila chai kila mtu ajilipie, bumu lenyewe ndiyo hivyo tena.